Orodha Bila Maelezo: Historia Fupi ya Kugawana Mafungu ya Karata

Utangulizi

Karata na fasihi wapi na wapi? Swali hili tunalitarajia, na ni la haki. Jarida la uhakiki kwa kawaida hushughulika na riwaya, tamthilia, ushairi na masimulizi. Karata ni mambo ya barazani na vijiweni. Lakini ndugu msomaji, tuvumiliane kidogo. Makala hii inahusu mchezo mmoja, Magic: The Gathering, ulioanza Marekani mwaka 1993, na jambo moja ndani ya mchezo huo: desturi ya wachezaji kugawana kwa njia ya intaneti orodha za karata walizozipanga. Dai letu ni kwamba orodha hiyo ni matini. Ina mtunzi, ina hadhira, ina fani. Inanakiliwa, inabadilishwa na kugombewa. Yaliyoipata kwa miaka thelathini na ushee yanatuhusu sisi tunaojiita wahakiki.

Kwa muda mrefu wachezaji wamezozana juu ya suala moja: je, vyombo vya kugawana orodha vimeua ubunifu? Wapo wanaosema ndiyo, tena kwa uchungu. Mtu anayechukua orodha ya mwenzake kwenye intaneti na kwenda nayo mashindanoni amekuwa akidhihakiwa tangu miaka ya 1990, eti hana kichwa chake. Kwa mtazamo wetu swali limeulizwa vibaya. Kunakili hakukuua ubunifu. Kilichopungua ni kitu kingine, nacho ni maelezo yaliyokuwa yakisafiri pamoja na orodha. Hilo ndilo tutakalojaribu kulionyesha kwa kuifuata historia yenyewe.

Fungu ni nini?

Mchezo huu si ule wa karata 52 tuliouzoea, wa kopa na shupaza. Kila karata ina jina lake, picha yake na kanuni yake. Zipo karata za ardhi, ambazo humpa mchezaji nguvu iitwayo mana, na zipo karata za viumbe na za uchawi, ambazo hulipiwa kwa mana hiyo. Kila mmoja huanza na pointi 20 za uhai; anayefikishwa sifuri ameshindwa. Karata huuzwa dukani katika pakiti zilizofungwa, na mnunuzi hajui amepata nini mpaka aifungue. Nyingine ni za kawaida, nyingine adimu. Hadi leo zimekwisha chapishwa karata tofauti zaidi ya 25,000.

Katika bahari hiyo mchezaji huchagua zake akazipanga. Mkusanyo huo wa kuchezea tutauita fungu, ili usichanganywe na pakiti ya dukani. (Hatutasema "deki", watu wasije wakadhani tunasugua sakafu.) Katika mashindano ya kawaida fungu huwa na karata zisizopungua 60, na karata yoyote isiyo ardhi ya msingi haizidi nakala nne. Pembeni huwekwa karata za akiba, zisizozidi 15, ambazo mchezaji anaweza kuziingiza baada ya mchezo wa kwanza. Kwa hiyo orodha ya fungu ni kitu kidogo tu: namba na jina, namba na jina, mpaka mwisho. Haijazi hata kurasa mbili za daftari. Yeyote mwenye kalamu anaweza kuinakili kwa dakika tano. Wepesi huo ndio chanzo cha kisa chote tunachokisimulia.

Na uhusiano na fasihi uko wazi kuliko mtu anavyodhani. Nyongeza ya kwanza ya mchezo, iliyotoka Desemba 1993, iliitwa Arabian Nights. Ilitokana na hadithi zile zile ambazo wasomaji wa Kiswahili wanazijua kwa jina la Alfu Lela Ulela. Humo mna Aladini na taa yake, mna Sindbad, na mna karata iitwayo Shahrazad. Karata hii ikichezwa, wachezaji husimamisha mchezo wao, wakaanza mwingine ndani ya ule wa kwanza kwa karata zilizobaki. Anayeshindwa katika ule mdogo hupoteza nusu ya uhai wake katika ule mkubwa. Hadithi ndani ya hadithi! Mbunifu alichukua fani ya masimulizi akaigeuza kuwa kanuni ya mchezo. Mwaka 2007 karata hiyo ilipigwa marufuku mashindanoni, maana ilikuwa ikirefusha michezo kupita kiasi. Lakini hoja yetu inabaki. Mhakiki wa fasihi haingii humu kwa kudandia.

Enzi ya siri

Mbunifu wa mchezo, Richard Garfield, alikuwa mtaalamu wa hisabati. Mwaka huo huo wa 1993 alipata shahada yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kabla ya hapo alikuwa amempelekea Peter Adkison, mkuu wa kampuni changa ya Wizards of the Coast, mchezo mwingine kabisa. Adkison akamwomba kitu chepesi zaidi: mchezo wa kubebeka, unaoweza kuchezwa kwa muda mfupi. Magic ndilo lililokuwa jibu. Karata milioni 2.6 za chapa ya kwanza, iliyotoka Agosti 1993, zilikwisha upesi sana.

Katika fikra za Garfield, kutojua kulikuwa sehemu ya utamu. Mtu angenunua pakiti chache, rafiki yake naye chache, na wakikutana kila mmoja angeshtushwa na karata ambayo hajawahi kuiona. Wachezaji wenyewe ndio walioanza kukusanya orodha ya karata zilizopo, mmoja akitaja alizoziona, mwingine akiongeza zake, katika mtandao wa majadiliano wa Usenet. Fungu la mtu lilikuwa siri yake. Tena mwanzoni kila mchezaji aliweka karata yake moja rehani kabla ya kuanza, na mshindi akaondoka nazo zote mbili. Hapo mtu lazima awe na hadhari.

Enzi hii ina watetezi wengi wanaoikumbuka kwa huzuni, kama watu wanavyoukumbuka ujana. Lakini tusiipambe mno. Hapo mwanzo fungu liliruhusiwa kuwa na karata 40 tu, wala hapakuwa na kikomo cha nakala. Mwenye hela alijaza nakala za karata kali moja au mbili, mpinzani wake akawa hoi hata kabla hajajipanga. Huo nao ubunifu gani? Januari 1994 ndipo zilipowekwa kanuni za mashindano: karata 60, nakala nne, na baadhi ya karata zikafungiwa kwenye nakala moja tu. Agosti mwaka huo yakafanyika mjini Milwaukee mashindano ya kwanza ya dunia, na Zak Dolan wa Marekani akaibuka mshindi.

Msomaji wa ushairi ataona mara moja kilichotokea hapo. Kanuni za 1994 zilikuwa arudhi. Kabla ya arudhi, huwezi kuyaweka mashairi mawili pamoja ukasema hili limepima vizuri kuliko lile. Baada ya kanuni, fungu la mtu wa California likawa na maana kwa mtu wa Georgia, kwa kuwa wote wawili walibanwa na mipaka ile ile. Mipaka ndiyo iliyofanya orodha istahili kugawanwa. Kabla ya hapo kugawana kungekuwa sawa na kumwambia jirani yako kiasi cha fedha ulichonacho.

Orodha iliyokuja na hoja

Katikati ya miaka ya 1990 jina lililovuma ni la Brian Weissman wa California. Fungu lake lilijulikana kwa jina la The Deck, yaani Fungu lenyewe, kana kwamba hapana jingine duniani. Orodha yake ilisambaa kwenye intaneti, na pamoja nayo maelezo marefu. Sasa chukua orodha hiyo peke yake, uisome bila maelezo. Viumbe karibu hamna. Wapo malaika wawili tu, wale waitwao Serra Angel. Mengine yote ni karata za kuzuia, za kuharibu na za kuongeza karata mkononi. Utakuna kichwa: sasa huyu bwana anashindaje?

Jibu halimo katika orodha. Limo katika hoja. Weissman alifundisha kwamba mchezaji asikimbilie ushindi. Azuie kila la hatari analolifanya mwenzake. Ahakikishe karata yake moja inaondoa zaidi ya moja za mpinzani, au inamletea zaidi ya moja yeye mwenyewe. Taratibu mwenzake atabaki mikono mitupu. Hapo malaika mmoja anatosha kumaliza kazi, wala hana haraka. Wazo hili la kuhesabu karata kama rasilimali, la kuuliza kila mara nani ana nyingi zaidi, limekuwa msingi wa kufikiri kwa wachezaji tangu wakati huo. Waliomwiga Weissman hawakuiga karata zake tu. Waliiga fikra, na fikra hiyo waliweza kuitumia hata katika mafungu yasiyofanana na lake hata kidogo.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1996, Atlanta, jimbo la Georgia. Katika mashindano ya kufuzu kuingia mzunguko wa wachezaji wa kulipwa, mchezaji aitwaye Paul Sligh alishika nafasi ya pili kwa fungu la rangi nyekundu lililojaa viumbe wadogo wadogo, ambao watu walikuwa wakiwadharau. Ukiitazama orodha utasema huyu mtu kaokota mabaki. Lakini lilikuwa na hesabu ndani yake. Karata zilipangwa kwa gharama zao, hizi za mana moja, zile za mbili, nyingine za tatu, kwa idadi iliyofikiriwa, ili katika kila zamu mchezaji aitumie mana yake yote bila kupoteza hata chembe. Kiumbe dhaifu aliyetoka mapema na kupiga kila zamu alikuwa na thamani kuliko jitu kubwa lililokwama mkononi. Hapa pia, nguvu ya fungu haikuwa katika majina ya karata. Ilikuwa katika mpango, na mpango ulihitaji mtu wa kuueleza.

Maelezo hayo yalipata makao katika tovuti iliyoitwa The Dojo, iliyoanzishwa na Frank Kusumoto. Dojo kwa Kijapani ni ukumbi wa kufundishia mapigano, na jina lilisadifu. Humo ziliwekwa orodha, makala za nadharia, na zaidi ya yote ripoti za mashindano. Ripoti hizi ni utanzu wa aina yake. Mchezaji alisimulia safari nzima: alivyochagua karata, alivyosafiri, aliyekutana naye raundi ya kwanza, alipokosea raundi ya nne, alivyobahatika raundi ya sita. Ilikuwa kawaida kumalizia kwa orodha ya pongezi na lawama: ahsante kwa aliyeniazima karata, laana kwa gari lililoharibika njiani. Ni masimulizi ya safari, yana ucheshi, yana majigambo. Na katikati yake, kama kiini ndani ya tunda, mna orodha ya karata 60 na 15 za akiba.

Kilele cha enzi hii, kwa maoni yetu, ni makala ya Mike Flores iliyotoka katika tovuti hiyo Januari 1999. Flores alitazama hali ambapo mafungu mawili yanayofanana yanakutana. Alisema lazima mmoja awe mshambuliaji na mwingine awe mlinzi, na anayekosea kujua nafasi yake ndiye anayepoteza mchezo. Ona uzito wa jambo hili. Fungu lile lile, karata zile zile 60, leo linatakiwa kushambulia na kesho kulinda, kutegemea limekutana na nani. Maana yake ni kwamba maana ya fungu haimo yote ndani ya fungu. Sisi tuliosomeshwa habari za hadhira na muktadha hatushangai. Fanani yule yule na utendi ule ule, msibani si kama arusini. Wachezaji karata waliufikia ukweli huo kwa njia yao wenyewe, tena bila mwalimu.

Nani mtunzi?

Turudi kwa Paul Sligh, maana hapa pana jambo la kusikitisha kidogo. Fungu lile la Atlanta halikutungwa naye. Lilitungwa na Jay Schneider, aliyekuwa ameifanyia kazi ile hesabu ya gharama. Sligh alilicheza. Lakini fungu likaitwa Sligh, na mpaka leo mafungu mekundu ya mtindo ule huitwa Sligh hata na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1996. Mchezaji amelimeza jina la mtunzi.

Jambo hili si geni kwetu. Katika pwani ya Afrika Mashariki tenzi ziliishi kwa kunakiliwa kwa hati ya Kiarabu, na mnakili alikuwa mtu wa heshima. Muhammad bin Abubakr Kijumwa wa Lamu alinakili tenzi nyingi kwa mkono wake, nyingine kwa ajili ya wataalamu wa Kizungu kama Alice Werner na William Hichens, na bila kazi ya watu kama yeye tungekuwa maskini leo. Lakini yeyote aliyewahi kushughulika na miswada anajua taabu ya kuuliza: hii kazi ni ya nani? Ya aliyeitunga, ya aliyeinakili, au ya aliyeighani mpaka watu wakaipenda?

Mapokeo hayo hayo yana jibu la heshima kwa tatizo la kuiga, nalo ni takhmisa. Mshairi huchukua mishororo miwili ya mwenzake akaiongezea mitatu yake, ubeti ukawa wa mishororo mitano. Takhmisa ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ni mfano unaojulikana. Anayetakhmisi haibi. Beti za mwanzo zinabaki zikionekana, na msikilizaji anajua pa kumsifu mtunzi wa kwanza na pa kumsifu wa pili. Mchezaji aliyechukua fungu la Weissman, akabadili karata sita, kisha akaandika ripoti ya kueleza kwa nini kazibadili hizo sita, alikuwa akitakhmisi. Kumwita mwizi ni kumwonea. Alikuwa amesoma, ameelewa, na ameongeza.

Kampuni yenyewe ilijaribu kuyarudisha majina mahali pake, kwa njia ya kibiashara. Mwaka 1996 ilichapa na kuuza mafungu manane ya wachezaji wa fainali za mashindano ya kwanza ya kulipwa, yaliyofanyika New York. Kuanzia 1997 hadi 2004 ikawa inatoa kila mwaka mafungu kutoka mashindano ya dunia. Kila karata ilikuwa na saini ya mchezaji. Ni diwani kabisa, yenye jina la mwenye kazi kila ukurasa! Lakini karata hizo zilikuwa na ukingo wa dhahabu na mgongo tofauti, na hazikuruhusiwa mashindanoni. Uliruhusiwa kuisoma kazi ya bingwa, hukuruhusiwa kusimama nayo mbele ya watu.

Orodha tupu

The Dojo haikudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa imekwisha, na sehemu ya yaliyoandikwa humo yakabaki yametawanyika katika hifadhi za watu. Wakati huo huo mchezo ulibadilika. Mwaka 1999 kampuni ya Hasbro iliinunua Wizards of the Coast. Mwaka 2002 ukaanza mchezo wa kompyuta, Magic Online, ambapo mashindano yalifanyika usiku na mchana na orodha za washindi zikachapishwa mfululizo. Kwa mara ya kwanza orodha zilikuja nyingi mno kuliko watu wa kuzieleza.

Hapo ndipo vilipostawi vyombo tunavyovijua leo: TappedOut, MTGGoldfish, MTGTop8, na baadaye Archidekt na Moxfield. Ni vyombo vizuri, lazima tukiri. Unabandika orodha, chombo kinakuchorea mgawanyo wa gharama za mana, yaani ile hesabu ya Schneider, kwa sekunde moja. Kinakujumlishia bei. Kinakugawia karata saba za kuanzia ili ujaribu bahati yako. Kuna kitufe cha kunakili fungu zima la mtu mwingine likawa lako. Kuna pia EDHREC, inayokusanya maelfu ya mafungu ya mtindo wa Commander, ule wa karata 100, na kuhesabu karata zipi hupenda kuandamana na zipi. Hapo mtunzi si Weissman wala Schneider. Mtunzi ni wastani.

Hatua ya mbali kabisa ilifikiwa na mchezo mwingine, Hearthstone wa kampuni ya Blizzard, mwaka 2017. Humo fungu hugawanwa kwa msimbo, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu usiosomeka kwa jicho la mwanadamu. Unanakili, unafungua mchezo, fungu linajiunda lenyewe. Fikiria safari ilivyokuwa. Mwaka 1996 orodha ilikuja ndani ya kisa kirefu. Baadaye ikaja peke yake, lakini angalau majina ya karata yalisomwa. Sasa hata majina hayasomwi. Kompyuta inasoma kwa niaba ya mtu.

Atakuja mtu aseme: mbona maelezo yapo tele, nenda ukatazame video? Ni kweli, na hoja hii hatuipuuzi. Wapo wachezaji wanaoeleza mafungu yao kwa saa nzima mbele ya kamera, na baadhi wanaeleza vizuri sana. Vyombo vyenyewe vina nafasi ya mtunzi kuandika maelezo chini ya orodha yake. Lakini nafasi hiyo mara nyingi huachwa wazi. Video iko mahali pengine, na makala nyingine zikawekwa nyuma ya malipo. Maelezo hayakufa. Yametalikiana na orodha. Zamani hukuweza kuipata orodha bila kupita katikati ya hoja. Leo hoja ni hiari, na sote tunajua wanafunzi hufanya nini na kitabu cha hiari.

Kampuni yenyewe imeonyesha kwamba orodha tupu ina nguvu ya kutisha. Mwaka 2017 ilipunguza idadi ya orodha za Magic Online ilizokuwa ikichapisha, kwa hofu kwamba wachezaji walikuwa wakilifumbua fumbo la mchezo haraka mno. Mwaka uliofuata ikaanza kujaribu utaratibu ulio kama kinyume chake: katika mashindano makubwa ya kulipwa, kila mchezaji alipewa orodha ya mpinzani wake kabla ya kuanza. Na jambo la kuzingatia ni hili: mchezo haukufa. Watu wawili wakakaa, kila mmoja anajua karata zote za mwenzake, na bado mmoja akacheza vizuri kuliko mwingine. Kama siri ndiyo iliyokuwa roho ya ubunifu, mashindano hayo yangekuwa maiti. Roho ilikuwa mahali pengine. Ilikuwa katika kusoma.

Karata na mfuko

Hatuwezi kufunga mjadala bila kugusa suala la hela, maana orodha ni bure lakini karata si bure. Mwaka 1995 kampuni ilichapa upya karata nyingi za zamani, wakusanyaji wakaja juu wakilalamika kwamba mali yao imeshuka thamani. Mwaka 1996 kampuni ikaahidi kwamba karata fulani haitazichapa tena. Ahadi hiyo ingali inasimama, na matokeo yake yako wazi. Januari 2021 nakala moja ya karata iitwayo Black Lotus, ya chapa ya kwanza ya 1993, iliuzwa kwa dola 511,100 za Marekani. Kipande cha karatasi!

Kwa hiyo hoja kwamba kugawana orodha kumewasawazisha wachezaji wote ina ukweli nusu. Chombo kinampa mnyonge maarifa yale yale aliyonayo tajiri. Hakimpi karata. Tena kile kitufe cha kujumlisha bei humwonyesha papo hapo umbali uliopo kati yake na fungu analolitamani. Lakini hapa ndipo maelezo yanapokuwa na thamani kuliko orodha. Orodha ya fungu la dola elfu moja haimsaidii asiye na dola elfu. Hoja iliyo nyuma yake humsaidia. Fungu la Schneider lilijaa karata zilizodharauliwa, na lilifika fainali kwa sababu mtu alielewa hesabu ya mana kuliko waliokuwa na karata za fahari. Mnyonge akipewa sababu, anaweza kutunga kwa alichonacho. Akipewa orodha tupu, anabaki kuitazama tu, kama mtu anayetazama vitu dukani kupitia kioo.

Hitimisho

Tumeona kwamba historia ya kugawana mafungu ina hatua tatu. Kwanza palikuwa na siri, iliyopendwa na wengi ingawa haikuwa na haki nyingi. Kisha ikaja orodha yenye hoja, iliyozaa nadharia, ripoti na uhakiki wa kweli kutoka kwa vijana ambao hakuna aliyewaita wahakiki. Mwisho ikaja orodha tupu, nyepesi, ya haraka, yenye kufika kila mahali, isiyosema kwa nini.

Wanaolaumu kunakili wanalaumu kitu kisicho na hatia. Tenzi zilinakiliwa, takhmisa ziliandikwa juu ya beti za wengine, na fasihi haikufa. Tunachopaswa kukitetea ni ile sentensi inayoanza na "kwa sababu". Anayeweka fungu lake hadharani aandike chini yake kwa nini karata ile ziwe tatu na si nne, na amtaje aliyemwazima wazo. Ni mistari michache tu. Schneider angeshukuru.

Na sisi wa upande wa fasihi tusijione tumesalimika. Orodha za "vitabu bora" zinazopita mikononi mwetu kila mwaka, majina kumi na namba zake, ni mafungu bila maelezo. Wenye hoja tofauti na yetu waje nayo katika kurasa hizi hizi. Tunawaomba jambo moja tu: waje na sababu, siyo na ndiyo au hapana peke yake.